Dawa ya panya ya nta: wiki nne za stoo yangu Njoro

Mahindi yangu niliyahifadhi stooni mwezi wa Desemba, gunia 14 juu ya mbao. Kufikia katikati ya Januari, gunia tatu za chini zilikuwa zimetobolewa pembeni, na kila asubuhi nafagia punje zilizoliwa kiini peke yake. Panya hana haraka na sehemu ya unga ya punje. Anachimba pale penye utamu, anaiacha punje na tundu, anaenda kwa nyingine.

Kwanza nilinunua kwa yule wa kipaza sauti anayepita akiimba panya, mende, kunguni. Unga wa kijivu ndani ya karatasi, hauna jina wala maagizo. Usiku wa kwanza walikufa wawili kando ya pipa la maji, nikajisifu. Baada ya hapo, wiki mbili nzima, hakuna aliyegusa. Sumu inayochoma tumbo papo hapo ina shida hiyo: panya aliyeonja kidogo akaugua anajua ni kile chakula, na harudi tena. Aliyerudi ni kuku wangu mmoja, na huyo nilimzika.

Ndipo nikaenda agroveti, duka la dawa za kilimo na mifugo, Nakuru mjini, nikapewa pakiti ya vipande vya nta vya buluu. Lebo inasema bromadiolone, asilimia 0.005, na ina namba ya usajili ya PCPB, ile bodi ya serikali inayosajili dawa za wadudu. Namba hiyo ndiyo ninayoitafuta siku hizi kabla ya kuuliza bei. Maandishi yenyewe ni madogo mno, ilibidi nimwite binti yangu anisomee.

Dawa hii inazuia damu kuganda. Ini linahitaji vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na bromadiolone inalizuia kuitumia tena ile vitamini iliyokwisha kutumika. Lakini vile vitu vilivyoko tayari mwilini huchukua siku kadhaa kuisha, kwa hiyo panya anakula leo, kesho anakula tena bila kuhisi lolote, na anakufa kati ya siku ya tatu na ya saba hivi. Hapo ndipo anaposhindwa kuijua. Ni ukoo mmoja na warfarini, ambayo shemeji yangu anameza kila jioni kwa sababu ya vali ya moyo. Nilipomwambia kuwa ilianza kutumika kwa panya kabla ya kupewa watu, alikasirika siku mbili.

Mimi nilitegemea mizoga asubuhi. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, maana panya wa darini huogopa kitu kigeni. Siku ya tatu nikarudi agroveti nimekunja uso. Kijana akaniuliza, "Mama, umevihamisha?" Nilikuwa nimevihamisha mara mbili. Akaniambia niviache palepale, ukutani wanapopita, na nisiache chombo kitupu hata siku moja mpaka wenyewe waache kula.

Siku ya tano nikakuta kipande kimeguguniwa ukingo mzima, mistari ya meno miwili miwili kama kimepitishiwa patasi ndogo. Siku ya saba mavi kwenye mbao yakawa ya buluu-kijani, rangi ya dawa yenyewe. Siku ya tisa mzoga wa kwanza. Mpaka wiki ya nne nilikuwa nimezika 11, na vipande vikakaa siku sita bila alama ya jino.

Sikuviweka wazi hata siku moja. Nilichukua mitungi ya mafuta ya kupikia ya lita tano, nikakata matundu mawili ya kupitisha panya peke yake, nikapitisha waya katikati ya vipande ili asikibebe kwenda kukiangusha penye mahindi, kisha nikaufunga mtungi kwenye nguzo. Mjukuu wangu ana miaka mitatu na kwake kila kitu cha buluu ni peremende. Wanasema wametia kitu kichungu ili mtu ateme, lakini sitamjaribia hilo mtoto. Mikononi nilivaa pakiti tupu za mkate. Paka nilimpeleka kwa dada yangu mwezi mzima, kwa sababu paka akila panya mwenye dawa, anaila dawa pia. Mbwa vilevile, na bundi. Bundi tunayemfukuza kwa mawe eti analeta msiba, usiku kucha anakamata panya bure. Kwa hiyo mizoga nilikuwa naitafuta kila asubuhi na kuifukia chini sana, mbali na kisima.

Jirani aliniambia mtu akila dawa hii apewe maziwa. Maziwa hayasaidii kitu. Mpeleke hospitali na pakiti mkononi, hata kama anacheza na kucheka, kwa sababu damu inaweza kuanza kutoka siku kadhaa baadaye. Dawa ya kupinga nguvu yake ipo, vitamini K1, na daktari akijua jina lililo kwenye lebo hapotezi muda.

Nikiipima dawa hii kwa nyota, ninapunguza moja, na sababu ni harufu. Muuzaji aliapa kwamba panya watakimbilia nje kutafuta maji wafie huko. Uongo mtupu. Wanafia walipo. Mmoja alifia juu ya dari ya chumba cha kulala na tulihamia sebuleni siku tano. Fundi alipong'oa ubao alimkuta amelala kwenye kiota cha magunia yangu mwenyewe, nyuzi zilizokatwa vizuri kabisa.

Gunia zile tatu nilizishona, na mbao nimeziinua futi moja na nusu kutoka sakafuni. Tundu chini ya mlango nimeliziba kwa bati. Pakiti ina vipande vinane bado. Viko ndani ya sanduku la bati la shule la binti yangu, kufuli ileile ya bweni, na ufunguo nautembeza na leso yangu.