Kisanduku cha kijani kilinidanganya: uzoefu wangu na otofokasi

Otofokasi ni kamera kujitafutia yenyewe mahali pa kutoa picha kali. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa ya kioo (DSLR). Kisanduku cha kijani, kinachoonyesha fokasi imekamata wapi, kikiwaka na mlio ukisikika, mimi najua jicho limenaswa. Nikija kuzikuza picha kwenye kompyuta, kope zimefifia na sikio ndilo limetoka kali. Nikawa naulaumu mkono wangu.

Lenzi ni ya milimita 85. Ukiifungua hadi f/1.8, yaani tundu lake likiwa wazi sana, kwenye sensa (kipande kinachopokea picha) ya fremu nzima, yenye ukubwa wa picha ya filamu ya milimita 35, na mtu yuko mita 1.5 mbele yako, sehemu inayotoka kali haizidi sana unene wa sentimita 3. Fokasi ikiteleza kidogo tu, jicho limekwenda.

Siku moja nikafunga kamera kwenye stendi, nikasimamisha kadi yenye mistari myeusi, na kando yake rula iliyolala mshazari. Picha 20. Kabla ya kila picha nilivuruga fokasi kwa mkono, mara karibu kabisa, mara mbali kabisa. Wengi huiruka hatua hii, na hapo lenzi haisogei, unabaki kupima jibu lile lile mara 20. Picha 17 ziliangukia nyuma ya kadi, karibu kwa kiasi kimoja. Nilifurahi! Kosa lisilobadilika lina dawa. Kamera ya kioo hupimia fokasi kwenye sensa nyingine iliyo chini ya kioo, siyo ile inayopokea picha, kwa hiyo hizo mbili zisipolingana, hata kwa nywele, kila picha inakosea upande uleule. Menyu ilikuwa na marekebisho ya fokasi ya -20 hadi +20; hasi huileta karibu na kamera. Nikaweka -8, kesi ikaisha.

Sasa natumia kamera isiyo na kioo (mirrorless). Sensa ya picha ndiyo hiyo hiyo inayopima, na ugonjwa ule sijauona tena. Inafuata jicho hata mtu akigeuka, ingawa akinijia mbio, picha mbili tatu za mwanzo huwa za kutupa. Gizani lenzi huenda mbele ikarudi nyuma kama mtu anayepapasa funguo, na ukuta mtupu haiushiki kabisa, maana haioni mstari wa kukamata. Hapo naielekeza kwenye ukosi wa shati.

Otofokasi naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya watu wa miwani: kisanduku kinakaa juu ya jicho, fokasi inakaa kwenye fremu ya miwani.