Mota ya feni ya AC na hita ya gari: nunua ipi, na kwa nini nakazania balansi

Mota yangu ya kwanza ya kubadilisha ilidumu miezi miwili tu. Niliinunua mpya, ikiwa kwenye boksi zuri, nikaambiwa ni orijino, fundi akaifunga kwa dakika ishirini. Spidi ya kwanza shwari, ya pili shwari, kuweka ya tatu dashibodi nzima ikaanza kunguruma kama kuna nyuki ndani, fundi akasema itazoea, nikamwamini, haikuzoea. Baada ya hapo ikawa inapiga mluzi asubuhi, halafu siku moja kimya. Niliporudi dukani jibu lilikuwa vifaa vya umeme havirudishwi. Tangu hapo watu wananiuliza wanunue ipi, basi leo naandika yote.

Kwanza hakikisha ni mota kweli, maana wengi wanauziwa mota wakati kilichoungua ni rezista, kile kifaa kinachopunguza umeme kwenye spidi za chini. Kama feni inafanya kazi spidi ya mwisho peke yake na zile za chini zimekufa, hiyo kwa kawaida ni rezista, kwa sababu spidi ya mwisho haipiti humo, inakula umeme moja kwa moja. Mota mbovu utaijua ukigonga chini ya dashibodi upande wa abiria ikaamka, au ukisikia mluzi, au inakata na kurudi, hapo kaboni zimeisha (vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) au bushi imekufa (pale shafti ya mota inapozungukia). Na AC na hita zinatumia feni hiyo hiyo moja, kwa hiyo kama hamna upepo kabisa kokote usikubali kujaziwa gesi, gesi inaleta ubaridi, haisukumi upepo. Kama unabadilisha rezista kila baada ya muda mfupi na inaungua tena, mota yako imekuwa nzito inavuta umeme mwingi, hapo ndo inabidi ununue mota. Na plagi iangalie, ikiwa imeyeyuka ibadilishwe pamoja, usirudishe mota mpya kwenye plagi iliyoungua.

Sasa balansi. Watu wanauliza bei, wanauliza kama ni ya Japani, hakuna anayeuliza balansi. Ile drumu ya plastiki yenye mapanga mengi membamba inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, ikizidi uzito kidogo upande mmoja inatetemeka, na mtetemo huo ndo unaoitafuna bushi mpaka mota inakufa wakati umeme wake hauna shida yoyote. Ni kama tairi, hakuna anayefunga tairi jipya bila kubalansi lakini feni tunafunga hivyo hivyo. Ukiangalia drumu nyingi za orijino utaona kijiklipu kidogo cha chuma kimebanwa kwenye panga mojawapo. Huo ni uzito wa balansi umewekwa kiwandani, sio uchafu!! Nimeona fundi akikichomoa kwa bisibisi akidhani ni kitu kimeingia humo. Na ndo maana sipendi mota inayouzwa tupu bila drumu, unaambiwa hamishia drumu yako ya zamani, ukiihamisha inakaa pembeni kidogo au inapasuka katikati, umeshaharibu mota mpya siku ya kwanza.

Chaguo langu ni Denso, kampuni ya Japani, nasema wazi wala sizungushi. Magari mengi ya Toyota yametoka kiwandani na mota zao, kampuni yenyewe ilitoka ndani ya Toyota mwaka 1949, na nilipofunga ya kwao ikiwa na drumu yake, spidi ya mwisho nilikuwa nasikia upepo tu. Gari la Ulaya nenda na Valeo au Mahle, tena soma stika ya mota yako ya zamani, jina lililopo pale ndo uanze nalo, na namba ya spea ifanane yote mpaka herufi ya mwisho. Kuna mota za usukani wa kushoto na za kulia, umbo linafanana kabisa lakini nyingine inazunguka upande mwingine, na hii inadanganya sana kwa sababu feni ya aina hii ikizunguka kinyume bado inatoa upepo, ila dhaifu, wewe utabaki unalaumu AC.

Ya pili kwangu ni used orijino toka gari lililochinjwa, naiweka juu ya mpya isiyo na jina, kabisa. Izungushe kwa kidole, iende laini na iendelee kidogo baada ya kuiachia, isikwaruze. Zile za bei chee zisizo na jina kama huna jinsi nunua, ila zijaribu kwanza.

Kujaribu ni rahisi kama plagi ina waya mbili tu, shika mota kwa nguvu maana inaruka ikianza, iunge kwenye betri ya volti 12, usikilizie mtetemo kwa mkono wako. Ikiwa na waya zaidi ya mbili ina saketi ndani, usiiunge hivyo. Na hapa ndo wauzaji wananikera jamani, betri ipo pale pale mlangoni, unaomba kujaribu unaambiwa utaichafua, boksi likishafunguliwa haliuziki, halafu ukishalipa hawarudishi. Bei yenyewe inapanda wakijua una gari gani, kabla hawajaenda hata kuangalia stoo. Mimi siku hizi nisiporuhusiwa kujaribu sinunui, naondoka.

Filta ya AC badilisha siku hiyo hiyo na utoe majani yaliyojaa kwenye tundu la feni. Fundi akimaliza, kabla hajarudisha kile kisanduku cha mbele ya abiria, washa spidi zote moja moja uweke kiganja juu ya dashibodi, ikitetemeka mwambie aitoe tena kabla hujamlipa.