Blanketi la viraka la bibi lilifumuka mshono, uzoefu wangu na fundi wa mkono Mikindani

Jamani kama una kitu kilichoshonwa kwa mkono na mshono umeachia, soma hapa kabla hujakipeleka kwa fundi, maana mi nilikosea mara ya kwanza na nusura nilipoteze blanketi la bibi.

Ni blanketi la viraka vya khanga, bibi alishona mwenyewe kule Newala, na anayeijua Newala anajua baridi ya Juni na Julai kule juu. Juu viraka, chini shuka, katikati kaweka blanketi kuukuu, afu kapitisha sindano matabaka yote matatu. Tulilifua, likalowa likawa zito, tukalianika kwenye kamba moja, uzito wote wa maji ukavuta mshono mmoja wa katikati ukaachia kama shubiri moja na nusu hivi.

Nikampelekea fundi mmoja hapa Mtwara mjini, elfu tatu, akalipitisha kwenye cherehani na uzi wa nailoni, dakika kumi kamaliza. Mstari ulijikunja kidogo nikasema haya basi. Tulipokuja kulifua tena ule uzi wake ulikuwa mzima kabisa, kilichochanika ni khanga yenyewe, imefuata vile vitundu vya sindano. Niliumia sana. Mshono ukifumuka unashonwa tena, ila kitambaa cha bibi kikichanika unakitoa wapi kingine?

Mama mkubwa ndo akanielekeza kwa mama mmoja Mikindani, anashonea barazani kwake, mkono tu. Nikapanda bajaji nikaenda. Shikamoo, marahaba, hakugusa pale palipochanika, alilitandaza lote kwenye mkeka akawa anapitisha vidole mshono mmoja mmoja, afu akaniuliza mnalilalia au mmeliweka? Nikamwambia tunajifunika. Akasema basi uzi wake lazima uwe dhaifu kuliko khanga, siku likivutwa uzi ukatike kitambaa kibaki. Hapo nikaelewa kosa la mwanzo lilikuwa wapi, kumbe mi nilidhani uzi mgumu ndo kazi nzuri.

Nilikaa nikamwangalia akianza. Uzi wa cherehani hakuuvuta kwa nguvu, alikuwa anakata kwa ncha ya wembe kila baada ya hatua tatu nne, akigeuza upande wa pili uzi unatoka wenyewe mrefu. Kisha akachukua uzi wa pamba, mmoja hakuukunja mara mbili, urefu kama dhiraa tu kwa sababu mrefu zaidi unajisokota na kuchakaa kabla haujaisha, akaupitisha kwenye nta. Akapiga bandi kwanza, ile mishono ya muda, ili viraka visihame. Kushona kwenyewe hakuanzia kwenye tundu, alianzia vidole viwili nyuma ambako mshono wa bibi bado mzima, na akaja kumalizia vidole viwili mbele. Sindano inatembea ndani ya mkunjo wa kiraka hiki kidogo tu, inavuka, inatembea ndani ya mkunjo wa kile, inarudi. Kabla hajavuta unaona nyuzi zimelala kama ngazi, akivuta taratibu ngazi yote inazama na viraka vinakutana. Mi nimepatafuta mshono ulipo kwa macho nikashindwa, mpaka nipapase.

Sasa pale palipochanika ndo palikuwa na mtihani. Kiraka kimoja kina maandishi ya jina la khanga yaliyokatwa, yamebaki NI BORA tu, ni bora nini hatujui na bibi hayupo wa kumuuliza. Ili apate kitambaa kizima cha kushikia ilibidi akunje zaidi ndani, na herufi ya mwisho ingeliwa. Hakuamua mwenyewe, alinipigia simu. Nikamwomba aiache. Basi akaweka kipande cha khanga kwa chini, akasisitiza nilete kuukuu kutoka nyumbani, mpya hataki kwa sababu ina wanga na ukiifua inarudi, itavuta kiraka. Nikampa ya mama.

Yasiyonifurahisha niyaseme pia. Aliniambia siku tatu, zikawa tisa. Bei elfu kumi na tano, kwa wengine ni kubwa, ila mi nilimwona alivyoinama pale siioni kubwa hata kidogo. Na kile kipande cha chini ukikaribia unaona rangi yake kidogo kwenye mchaniko, hakikupotea, msitegemee muujiza.

Sa hivi ni mwezi wa tano tangu alitengeneze, nimelifua mara mbili kwenye beseni, silikamui, nalikandamiza tu maji yatoke afu nalilaza kwenye mkeka kivulini badala ya kulining'iniza. Pale alipotengeneza pamekaa imara. Kuna mshono mwingine karibu na pindo umeanza kulegea, uzi wa zamani umechoka kote, kwa hiyo nalirudisha kwake mwezi huu huu kabla ya korosho, maana msimu ukianza yeye yuko shambani na barazani humkuti.