Spina yangu inarudi kinyumenyume, na wauzaji wananiambia nizungushe polepole

Nilikuwa raundi ya 33 ya Arkanoid, gemu ya kupiga mpira kwa kibao ili uvunje matofali, nikicheza kwa spina, yaani kitufe cha duara unachozungusha ili kibao kiende kulia au kushoto. Anayeijua gemu hii anajua maana yake: hakuna raundi ya 34. Inakusubiri ile sura kubwa ya jiwe, unaipiga mpira mpaka ife. Nimecheza gemu hii kwa pedi, kwa kibodi, kwa kipanya, na sijawahi kufika huko. Spina ndiyo iliyonifikisha, na nalisema hilo mapema kwa sababu ni haki yake. Basi mpira ukashuka kwa kasi upande wa kulia, nami nikazungusha kulia kwa nguvu. Kibao kikaanza kwenda kulia, kikasita, halafu kikaenda kushoto. Kushoto kabisa! Na hicho ndicho kilikuwa kibao changu cha mwisho, yaani uhai wangu wa mwisho kwenye gemu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilidhani mkono umenisaliti, nikalaumu emuleta, ile programu inayoendesha gemu za zamani kwenye kompyuta, nikalaumu kompyuta. Nilishazima ule mpangilio wa kipanya unaoongeza mwendo wa kishale mkono unapoharakisha, maana kila anayecheza kwa spina huanzia hapo. Ukiuacha, mzunguko uleule leo unakupeleka nusu ya skrini na kesho skrini nzima. Nikaingia kwenye MAME, ndiyo emuleta yenyewe, nikabonyeza Tab, nikapandisha wepesi wa mzunguko, nikaushusha, nikaupandisha tena. Nilipoushusha, kibao kilikwenda polepole zaidi, lakini bado kilirudi nyuma. Nikahamisha waya kutoka kwenye kigawanyio cha USB nikauchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Wapi!

Mwisho nikafunga gemu zote, nikabaki na kishale tupu katikati ya skrini. Maana kwa kompyuta, spina hii ni kipanya kinachojua kulia na kushoto tu. Nikazungusha taratibu kwa vidole viwili: kishale kikateleza kulia vizuri, bila kuruka hata kidogo. Nikazungusha haraka kidogo: sawa. Kisha nikaipiga kwa kidole gumba, ile tunayoifanya wote kwenye Tempest, gemu ya kukimbia ukingoni mwa shimo ukipiga maadui wanaopanda, ukaiacha izunguke yenyewe. Kishale kikaruka kulia, kikatetemeka mahali pamoja, kikaanza kurudi kushoto huku kichwa cha spina mbele ya macho yangu kikizunguka kulia. Spina ilipopunguza mwendo, kishale kikageuka tena kikaenda kulia. Nilirudia mara nyingi mno, kila mara ni hivyohivyo.

Nikafungua skrubu za chini. Ndani kuna kisahani chenye matundu membamba pembeni na vihisi viwili vya mwanga. Kihisi kipi kimetangulia kuona tundu, ndivyo spina inavyojua umezungusha upande gani. Sasa kama bodi, ile sakiti ya ndani, inavisoma vihisi kwa uvivu, na kisahani kikakimbia sana kati ya usomaji mmoja na unaofuata, mpangilio unageuka, na kulia kunasomeka kushoto. Ni kama gurudumu la gari kwenye filamu linavyoonekana linarudi nyuma wakati gari linakwenda mbele. Kumbe si mkono wangu, wala si emuleta. Ni bodi ya bei rahisi iliyofungwa chini ya kichwa kizuri cha chuma.

Maana kichwa chenyewe ni kizuri, jamani. Beringi laini, uzito wa kutosha, ukikigusa hutaki kukiachia. Ndicho kilichonidanganya.

Nikawaandikia wauzaji, kwa adabu, nikaeleza jaribio la kishale hatua kwa hatua. Jibu likaja baada ya siku kadhaa: "Ndugu mteja, tunashauri kifaa kisizungushwe kwa kasi isiyo ya kawaida." Nikalisoma mara mbili. Kasi isiyo ya kawaida! Tempest ilitoka mwaka 1981 ikiwa na spina isiyo na kikomo ili mtu aizungushe kwa kasi, akimbie ukingoni mwa shimo kabla adui hajapanda. Mtu anayeuza spina na hajui hilo anauza nini? Nikaandika tena. Safari hii aliyejibu akaniuliza kama nina uhakika ninajua kutumia kipanya. Hapo ndipo damu ilichemka. Kifaa kibovu naweza kukivumilia, lakini sivumilii mtu asiyesoma ujumbe wangu kisha aniulize swali la kunidharau.

Nikiwa na hasira hizo nikahamia Kaboom!, gemu ya kudaka mabomu kwa ndoo ya mashine ya zamani ya Atari 2600, nikitafuta kosa jingine, na nikalipata, ingawa nikitulia nakiri hilo si la spina hii peke yake. Padeli za zamani, vile vitufe vya kuzungusha vya Atari, zina potenshiometa ndani, kama kitufe cha sauti cha redio, na zina mwanzo na mwisho. Mkono unajifunza: hapa ni ukuta wa kushoto, hapa ni katikati. Spina haina ukuta. Inajua umesogea kiasi gani tu, haijui uko wapi. Ndoo zikifika ukingoni nawe ukaendelea kuzungusha, mkono unapoteza hesabu, na mabomu yakianza kumwagika utatafuta katikati kwa macho. Kwa hiyo mwenye mapenzi na Kaboom! atafute padeli halisi, asafishe vumbi ndani yake ili ndoo zisitetemeke, na atumie adapta. Kwa Arkanoid na Tempest, spina ndiyo yenyewe.

Kwenye tathmini yangu ya spina hii nilikuwa nimeandika nyota moja. Jana nikacheza Arkanoid tena kwa mkono mpole, nikijizuia kuipiga, na kwa raundi nyingi nilisahau kabisa ugomvi wetu. Kusogeza kibao kwa unene wa unywele mmoja, mpira ukagonga kona ileile uliyoitaka: pedi haikupi hiyo, hata uishike miaka kumi. Nikabadilisha, nyota tatu. Kisha mpira ukashuka pembeni, mkono ukasahau kujizuia, kibao kikakimbilia upande usio wake.

Nimerudi kwenye nyota moja. Nimerekodi video: mkono wangu na skrini katika picha moja, kichwa cha spina kinakwenda kulia, kishale kinakwenda kushoto. Nimewatumia na sijaandika neno lolote chini yake zaidi ya kudai bodi nyingine au fedha zangu. Mnaotaka kununua ya aina hii, subirini nijibiwe kwanza. Na aliyekwisha kununua, aifanyie jaribio la kishale leo, kabla muda wa kuirudisha haujaisha.