Hita ya mafuta kwa baridi ya Dodoma
Hita hii ya umeme yenye mapezi ya chuma na mafuta ndani, niliyoinunua mjini Dodoma kabla ya baridi ya Juni na Julai, hupasha chumba cha watoto taratibu na hubaki na joto hata ikizimwa. Mafuta yake hayaungui wala hayaongezwi. Kasoro yake ni waya mfupi, uliotufanya tutumie ekstensheni, hadi usiku mmoja nilipoikuta plagi ina moto na plastiki yake imeanza kugeuka kahawia. Wati 2,000 kwa volti 230 huvuta karibu ampea 9, hivyo ni lazima ichomekwe ukutani moja kwa moja. Nguo mbichi zisianikwe juu yake, na vumbi, ambalo hapa kwetu halikosekani, lifutwe kwa kitambaa kikavu ikiwa imechomolewa na kupoa. Uniti za LUKU huisha upesi, lakini ninaipendekeza.