Makumbusho ya Kerma, Sudan: zile sanamu saba peke yake zinatosha

Mimi nilifika kabla ya vita vya 2023 kwa hiyo kwa sasa usifunge safari, ila amani ikirudi jamani Kerma iwe ya kwanza, kabla hata hujawaza piramidi za Misri.

Makumbusho yenyewe si makubwa na yalifunguliwa 2008, lakini ukiingia tu unakutana na sanamu saba za graniti nyeusi zimesimama pamoja, wafalme watano wa Kushi, ule ufalme wa kale wa hapa Sudan, maana Tanwetamani na Senkamanisken kila mmoja anazo mbili. Aliye mrefu kuliko wote ni Taharqa, huyu ndiye Tirhaka wa kwenye Biblia, yule mfalme wa Kushi. Zilifukuliwa 2003 hapo jirani kwenye magofu ya Doukki Gel na timu ya mwanaakiolojia Mswisi Charles Bonnet, zote zimevunjwavunjwa shingo na miguu na kufukiwa shimoni, na inaaminika waliozivunja ni jeshi la Psamtik wa Pili wa Misri lilipovamia mwaka 593 KK. Sogea karibu uone zilipounganishwa. Halafu angalia taji na viatu, pale jiwe halikung'arishwa, limeachwa na mikwaruzo makusudi ili dhahabu ishike, tofauti na ngozi iliyolainishwa kabisa. Mimi hapo nilikaa muda mrefu sana nikijaribu kuwaza dhahabu ikiwa bado ipo.

Usipite haraka kwenye vyungu. Watu wengi wanakimbilia wafalme tu, kumbe vile vyungu vya Kerma, vyekundu chini na vyeusi mdomoni, ni vyembamba ajabu na vimefinyangwa kwa mkono bila gurudumu, na vilitengenezwa kama miaka elfu kabla ya huyo Taharqa kuzaliwa! Tulisomeshwa Misri Misri tu shuleni wakati huku kulikuwa na mji mkuu wa watu weusi tangu kama 2500 KK, inauma.

Nje tu hapo kuna Deffufa ya magharibi, hekalu la matofali mabichi lenye kimo cha kama mita 18 na bado limesimama. Panda asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, juu unaona misingi ya mji wote, ndipo ushuke uingie ndani kwenye sanamu. Maji beba ya kutosha.