TAHADHARI: Spea "orijino" za Toyota za zamani, boksi la kweli ndani mali feki

Wakuu, salaam.

Nina wiki tatu najiuliza niandike au ninyamaze, maana sehemu ya kosa ni yangu mwenyewe. Ila juzi jirani yangu mwenye Raum kaniambia anaenda Gerezani, hapa Dar, kuchukua spea kwa winga (dalali wa mtaani) fulani. Alivyomwelezea tu nikajua ni yule yule aliyenipeleka mimi nikauziwa feki, na duka ni lile lile.

Gari yangu ni Spacio ya 1998, ile ya umbo la zamani, injini 4A-FE. Ilianza kugonga mbele nikipita kwenye mashimo. Fundi akapiga jeki, akatikisa tairi, akasema boljointi za chini (vile viungo vinavyoshika tairi) zote mbili zimekwisha, na pedi za breki za mbele zimebaki kama kadi ya simu. Nikamwambia safari hii sitaki ubabaishaji, nataka orijino. Hilo neno ndilo lililoniponza. Ukilitamka kwa sauti pale mtaani, umeshajitangaza kwamba hela unayo na spea huijui.

Sijafika hata dukani, winga ambaye fundi alinipa namba yake kanidaka. "Bosi, Spacio? Njoo, kuna stoo ya mwagizaji mwenyewe." Duka safi, kaunta ya kioo. Muuzaji akatoa boljointi moja akaniwekea mkononi, na ile ilikuwa ya kweli, nakubali mpaka leo: nzito, namba zimechongwa safi, pini ukiisukuma kwa kidole gumba inagoma. Tukapatana 85,000 kila moja, na pedi 95,000. Hapo ndipo akasema hiyo ya kaunta ni ya kuonyesha wateja, imeshashikwashikwa, ngoja akaniletee mpya zilizofungwa. Akapotea nyuma dakika kama kumi. Zikaja ndani ya maboksi yenye nembo na lebo, nailoni imebanwa vizuri. Nikalipa 265,000 bila kufungua hata moja. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Mashine eti haina mtandao. Nikapewa kikaratasi cha mkono, jina la duka halipo, chini kimeandikwa "mali ikishauzwa haitapokelewa".

Gereji, wakati spea zinafungwa, kijana mmoja msaidizi akaniomba maboksi. Nikampa yale mawili ya boljointi, nikidhani anaenda kuwekea nati. Nilishangaa kidogo tu alivyoyakunjua taratibu, asichane popote, akayalaza chini ya godoro la siti kuukuu. La pedi lilibaki kwenye buti yangu kwa bahati.

Wiki ya sita nashuka Goba na mke wangu, nakaribia tuta, mwendo wa bajaji. Kikasikika kitu "ko!", usukani ukalegea, gari ikainama kulia. Pini ya boljointi ilichomoka kwenye kikombe chake, tairi likalala ubavu na kula madigadi. Ingekuwa njia ya Morogoro pale Kibaha, lori liko nyuma, sijui ningeandika nini leo.

Gari ilivutwa mpaka kwa mzee mmoja fundi wa miguu ya gari. Akaichukua ile boljointi, akaibana kwenye vaisi, akaipasua na gurainda. "Njoo uone mwanangu." Ndani kikombe cha plastiki ni chembamba kama chupa ya maji, grisi imepakwa kama blubendi ya mtu mchoyo. Mpira wa juu nao ulishapasuka, vumbi limeingia lote. Halafu akauliza boksi liko wapi. Nikampa lile la pedi. Akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akakohoa.

Sikilizeni hapa, maana hili sikulijua. Namba ya spea ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu kumi, na tano za mwanzo zinataja aina ya kifaa. Pedi za mbele zinaanza na 04465, pedi za nyuma 04466, breki shuu za dramu 04495, boljointi ya chini 43330, wota pampu 16100. Boksi langu liliandikwa 04466. Spacio yangu nyuma ina dramu, haina pedi kabisa! Lile boksi lilitoka kwenye gari la mtu mwingine, pengine liliombwa na kijana kama yule wa kwangu, likarudi mtaani likapewa mzigo mwingine.

Nilirudi dukani na vile vipande. Muuzaji kasema hanikumbuki. Winga kahamia mtaa wa pili. Na fundi wangu wa kwanza, ambaye ndiye alinipa namba ya winga, nilipombana akakiri alipata cha juu 30,000.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi spea isiyo na nembo ya Toyota ni mbaya. Denso, Aisin, KYB, Advics, hao wanaitengenezea Toyota yenyewe, na kitu kile kile ukikinunua kwenye boksi lao bei inashuka. Kwa boljointi na tairodi, Mjapani mwenye chapa ya 555 anaheshimika hapa mjini miaka yote, ingawa naye anaigwa sana. Hata kopi ya bei chee ina mahali pake: mfuniko wa taa au kishikio cha mlango, nunua tu. Anayenikera ni anayekuuzia kopi ya 15,000 kwa bei ya orijino, kwa sababu ungejua ni kopi usingeifunga mahali panaposhika tairi.

Wengine watasema kanunue mtumba wa Japani. Kwa altaneta, stata au rejeta, nakubaliana nanyi, afadhali ya mtumba kuliko mpya ya ajabu. Boljointi, bushi, belti na pedi hapana. Vina mpira au vinalika, na vile vya gari lililokatwa vimeshazeeka kama vyako.

Kama ni lazima uende: piga picha namba ya chasisi, itafute kwenye katalogi za mtandaoni za magari ya Japani, uandike namba ya spea kabla hujatoka nyumbani. Chukua ile ile uliyoishika mkononi, usikubali kuletewa nyingine kutoka nyuma. Fungua boksi pale pale kaunta. Hakuna risiti ya EFD, hakuna biashara, maana hata ukipeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ambao bidhaa bandia ni kazi yao, utaanzia wapi bila jina la duka?

Jina la duka sitaji, msiniulize inbox.

Jumamosi mzee kanifungia 555, 45,000 kila moja, namba nilizisoma mwenyewe. Kijana wake akaniuliza, "Bosi, haya maboksi nichukue?" Nikamwambia ayalete. Nikayachana vipande vinne vinne mbele yake, mzee akanipa kiberiti.